Mgongo wa Mkono

Sikujiunga na zimamoto kwa ushujaa. Jirani aliniuliza swali, nikakosa jibu.

Tulikuwa tumemaliza miezi mitatu tangu tuhamie huku, kijiji kidogo cha New South Wales, Australia, nyumba arobaini na kitu zilizotawanyika kati ya malisho ya kondoo na msitu wa mikaratusi. Alikuja na trekta lake, akalizima, akaegemea uzio, akatukaribisha vizuri tu. Kisha, kama mtu anayeuliza iwapo tunafuga mbwa, akasema: "Moto ukija, ninyi mnabaki au mnaondoka?"

Nikadhani ananitania. Nikamjibu kwamba nitamuuliza mume wangu. Jioni mume wangu akasema alidhani ni mimi ninayejua.

Huku swali hilo halina utani. Kila kaya inatakiwa iwe na jibu kabla ya kiangazi. Wanaoondoka huondoka mapema, asubuhi ya siku ya hatari, hata kama angani hakuna dalili ya moshi. Wanaobaki wawe na pampu, maji yao wenyewe, mpira unaofika pande zote za nyumba, na afya ya kustahimili. Jibu baya kuliko yote ni lile la katikati: kusubiri uone itakuwaje, halafu uwapakie watoto garini wakati barabara imeshafunikwa na moshi. Tarehe 7 Februari 2009, katika jimbo jirani la Victoria, moto wa nyika uliua watu 173. Watu wa huku hawahitaji kuitaja tarehe hiyo. Wanasema tu Jumamosi Nyeusi, na mazungumzo yanapoa.

Jirani alipoona nimerudi kwake bila jibu, akaniambia nije kwenye banda la kikosi cha zimamoto Jumanne jioni. Banda lenyewe ni la mabati, lina magari mawili mekundu na meupe, jokofu, meza ndefu na picha za watu waliokwisha kufa kwa uzee. Jirani yangu ndiye alikuwa kapteni.

Hapo nikapata tatizo langu la kwanza, nalo halikuhusu moto. Kapteni ana miaka 71, na kila mtu, hata kijana wa miaka 17, anamwita kwa jina lake la kwanza. Mimi mdomo ulikataa kabisa. Nikamwita "Kapteni" wiki kadhaa, wakawa wananicheka, mpaka siku moja nikawaeleza kwamba kwetu mtu wa umri ule huitwa Mzee, na kwamba ni heshima, si kumwambia amezeeka. Tangu siku hiyo kikosi kizima kinamwita Mzee, hata kwenye redio. Matamshi yao mabaya, lakini nimewasamehe.

Huduma ya zimamoto ya vijijini ya New South Wales, ile inayoitwa Rural Fire Service, ina watu wa kujitolea zaidi ya 70,000. Kwa muundo wake wa sasa iliundwa kwa sheria ya mwaka 1997, lakini vikosi vyenyewe ni vya zamani zaidi, vilianzishwa na wakulima waliochoka kuzima moto kila mtu na tawi lake la mti. Uongozi wa kikosi huchaguliwa na wanachama wenyewe kwenye mkutano wa mwaka. Mshahara hakuna. Ndugu zangu wa nyumbani nikiwaambia hivyo hunyamaza kidogo, kisha huuliza, "Hata posho?" Kiangazi cha 2019 hadi 2020 serikali ilitoa fidia ya hadi dola 300 kwa siku kwa waliopoteza kipato, kikomo dola 6,000 kwa mtu, kwa sababu watu walikuwa wamekaa motoni kwa wiki na wiki huku kazi zao zikiwangoja. Nje ya hapo ni kujitolea kweli. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee mjini, na msimamizi wangu ilibidi nimzoeze taratibu kwamba ipo siku nitaondoka katikati ya zamu ya kuosha vyombo.

Nilitarajia siku ya kwanza ningeshika mpira wa maji. Nilikabidhiwa ngazi. Kando ya barabara ya kuingilia kijijini kuna ubao wa nusu duara wenye rangi na mshale, unaoonyesha hatari ya moto ya siku. Tangu Septemba 2022 ngazi za hatari ni nne kwa nchi nzima: ya kwanza inakwambia upange, ya pili uwe tayari, ya tatu uchukue hatua sasa hivi, na ya nne, ile ya maafa, uondoke kama unataka kuishi. Wetu unageuzwa kwa mkono. Basi kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilikuwa naangalia kiwango kwenye simu, nasimamisha gari, napanda, nageuza mshale, nashuka. Madereva walinipungia mkono. Kabla mtu yeyote hajajua jina langu, walinijua kama yule mama wa mshale.

Mafunzo ya msingi huchukua wikendi kadhaa na usomaji wa nyumbani. Mengi ya darasani niliyasahau na ilibidi nijifunze upya kwa miguu. Lakini kuna mambo matatu yaliingia na hayakutoka.

Moja ni mavazi. Suti ya njano, mabuti, glavu za ngozi, kofia ngumu, miwani, hayo yanaonekana. Linalosisitizwa ni la ndani: pamba au sufu tu, kwa sababu nailoni huyeyuka ikagandana na ngozi. Nilikwenda nyumbani nikapekua kabati langu nikishika kila nguo kama mkaguzi wa forodha. Niliyobaki nayo ni fulana mbili za kampeni za uchaguzi wa zamani, zimepauka, pamba tupu. Hizo ndizo ninazovaa kwenye moto hadi leo, na mgombea yule hajui alivyonisaidia.

La pili ni mlima. Moto hupanda haraka kuliko unavyoshuka, maana ndimi zake huelekea juu na kukausha nyasi za mbele kabla hazijafikiwa. Kanuni wanayofundisha ni kwamba kila nyuzi 10 za mwinuko, mwendo wa moto huongezeka mara mbili. Mwinuko wa nyuzi 20, mara nne. Binadamu akipanda mlima huo huo, hupungua mwendo. Fanya hesabu mwenyewe.

La tatu ni kwamba moto una mwili. Kule unakokimbilia ni kichwa. Pande zake ni mbavu. Ulikoanzia ni mkia. Niliposikia hivyo kwa mara ya kwanza nilifurahi, kwa sababu sikuhitaji kutafsiri kitu; picha ilikuja yenyewe, mnyama anayekimbia na upepo. Kumkabili kichwani ni ujinga au ni kukosa njia nyingine. Unaanzia mkiani, mahali palipokwisha kuungua, unatembea ubavuni ukimbana mpaka kichwa kiwe chembamba.

Ila ubavu nao ni mtego, na hapo mwalimu alibadilika sauti. Kusini mashariki mwa Australia siku mbaya ya moto ina tabia yake: upepo wa joto kutoka kaskazini magharibi asubuhi na mchana, halafu ghafla unageuka na kuvuma kutoka kusini magharibi. Upepo ukigeuka, ubavu wote, pengine wa kilomita nyingi, unakuwa kichwa kwa mara moja. Tarehe 2 Desemba 1998, huko Linton, Victoria, watu watano wa kujitolea waliokuwa ndani ya gari moja walikufa kwa namna hiyo. Hawakuwa mbele ya moto. Walikuwa ubavuni, mahali ambapo dakika chache kabla hapakuwa na la kutisha. Ile sehemu ya nyasi zisizoungua kando ya ubavu, wenzangu wanaiita eneo la mtu mfu. Ukiwa ndani yake unatakiwa kuwa na jibu la swali moja wakati wote: weusi uko wapi? Weusi ni ardhi iliyokwisha kuungua. Haiungui tena. Ndiyo kimbilio.

Kwa hiyo pia tenki halimalizwi. Maji ya mwisho ni yenu ninyi mliomo garini. Tulifanya zoezi la kufunikwa na moto kwenye uwanja wa michezo, jua likiwaka, kondoo wakitutazama: dereva anaelekeza gari, madirisha yanafungwa, mapazia ya kukinga joto yanashushwa, mabomba madogo ya nje yanarushia gari maji, na sisi sote tunalala chini tumejifunika mablanketi ya sufu, nyuso kwenye sakafu. Goti la yule kijana wa miaka 17 lilikuwa mgongoni mwangu. Blanketi lilinuka kondoo. Tulirudia mpaka muda ukapungua, na kila tuliporudia nilijiambia kwamba kumbe ndiyo maana wanataka mtu aseme mapema kama ana hofu ya kubanwa.

Miaka mitatu mfululizo ya mvua za La Niña, ile hali ya hewa inayoleta mvua nyingi huku, iliishia mwanzoni mwa 2023. Nje ya nchi watu husikia mvua wakadhani ni habari njema. Mvua ni nyasi. Kufikia Oktoba nyasi zetu zilifika kiunoni na zilikuwa zimeanza kuwa na rangi ya simba. Kipindi rasmi cha hatari ya moto katika jimbo hili huanza tarehe 1 Oktoba mpaka 31 Machi, na ndani yake huwezi kuchoma hata rundo la majani bila kibali. Lakini mashine haziombi kibali. Mkulima mmoja alikuwa anafyeka nyasi hizo hizo ili apunguze hatari, visu vikagonga jiwe, jiwe likatoa cheche.

Paja, kile kifaa kidogo kinachotuita kwenye moto, ililia nikiwa nyumbani, siku ya mapumziko. Ni mwendo wa dakika nne hadi bandani, na nilitumia mbili kati ya hizo kutafuta kiatu cha kulia ambacho kilikuwa mahali pake.

Gari dogo letu hubeba maji lita 1,600. Inaonekana mengi mpaka ufungue mpira wa milimita 38 kwa furaha, kama nilivyofungua mimi. Nilirusha maji juu ya moto, mbele ya moto, angani, kila mahali isipokuwa pale chini nyasi zinapoungulia. Dada mmoja, mchungaji wa kondoo, mikono kama mzizi, akaushusha mdomo wa mpira kwa kiganja chake bila kusema neno. Moto wa nyasi unazimwa miguuni. Nikauona unakatika, hatua kwa hatua, kama mtu anayekunja mkeka. Raha yake siwezi kuielezea, na ndiyo iliyonitia kwenye kosa.

Nilisonga mbele. Nilikuwa nawahi kipande kinachofuata, kisha kingine, na mpira ukinifuata. Moshi ulikuwa mweupe, mzito, unapita chini. Ghafla nikavutwa kola kwa nyuma, kwa nguvu, kama mtoto aliyekimbilia barabarani. Alikuwa Mzee. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida tu, "Weusi uko wapi?"

Nikageuka kushoto: nyasi kiunoni. Kulia: nyasi. Nilikuwa nimeingia katika nyasi zisizoungua, peke yangu, upande ambao upepo ungegeuka ningekuwa kuni. Weusi ulikuwa mita kumi na tano nyuma yangu, na kati yetu kulikuwa na ndimi ndogo za kufika magotini nilizoziacha kwa haraka yangu. Hakunigombeza. Alinirudisha, tukazizima zile tulizoruka, akaenda zake. Ningependa angenigombeza.

Kichwa cha moto hatukukizima sisi. Kilifika kwenye barabara ya changarawe, upande wa pili pikapu tano za wakulima zenye vitenki vya maji mgongoni zikawa zimejipanga zinakingoja, na zilikisambaratisha. Watu wale hawana suti za njano. Wengine walikuwa na kofia za jua na mashati ya mikono mifupi, jambo linalowaudhi sana walimu wetu, na bila wao ule moto ungeingia msituni. Dakika arobaini tangu paja ilipolia, hakuna mwali uliokuwa umesimama. Nikavua glavu, nikaketi kwenye ngazi ya gari, nikafikiri tumemaliza.

Ndipo kazi ikaanza.

Hii sehemu haipigwi picha. Unatembea kwenye weusi, kutoka ukingoni kuelekea ndani, na unahakikisha kila kinachofuka kimekufa. Kinyesi cha ng'ombe hufuka siku nzima na upepo ukikipata hukibeba. Nguzo ya uzio huungua kwa ndani kama sigara. Kisiki kinaweza kuonekana kimezimika huku mizizi yake ikila moto chini kwa chini, na baada ya siku mbili kikatoka mahali pengine, nje ya mpaka. Na mikaratusi! Magome yake hubanduka kama riboni, yakashika moto, yakapaa. Siku za upepo mkali hutua mbali mbele ya moto na kuanzisha moto mwingine, kwa hiyo mti mmoja unaofuka karibu na ukingo haufai kuachwa hata kama wewe umechoka kiasi gani. Pia unatazama juu. Mti ulioungua shina hauangushwi na mtu, unajiangukia. Katika kiangazi kile cha 2019 hadi 2020 walikufa watu 33, tisa kati yao wazima moto. Mti ulioanguka barabarani, kimbunga cha moto kilichopindua gari la tani kadhaa, ndege ya kumwaga maji iliyoanguka: hivyo ndivyo baadhi yao walivyokwenda. Tangu nijue hilo, nikiingia penye miti natembea kama kuku, jicho moja chini jingine juu.

Macho hayatoshi kukwambia kama ardhi imepoa. Unavua glavu, unageuza mkono, unaushusha polepole karibu na majivu ukitanguliza mgongo wake. Ngozi ya mgongo wa mkono ni nyembamba, huhisi joto mapema, na hata ukiungua, kiganja chako cha kushikia mpira kinabaki kizima. Ukihisi fukuto, unachimbua kwa jembe lenye reki, unamwaga maji, unakoroga mpaka iwe uji, unaweka mkono tena. Kisha hatua moja, na tena. Tulifanya hivyo kwa muda wa saa sita. Sandwichi zililetwa, zikaliwa na majivu yake. Mzee wa miaka 71 alipiga magoti mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu.

Mimi kazini nashika watu wenye homa. Nimeshika mapaji ya nyuso za wazee wa watu kwa mgongo wa mkono huu huu, usiku, nikiamua kama nimwite nesi au nimwache alale. Sikutegemea ujuzi huo ungenihitaji kwenye shamba la mtu, nimepiga magoti kwenye masizi, lakini katika siku ile yote ndiyo kazi pekee ambayo hakuna aliyenirekebisha.

Mwaka uliofuata nilikwenda kwenye moto wa kuchoma kwa makusudi, mwezi Mei, hewa imetulia, umande wa asubuhi haujakauka vizuri. Unabeba chombo cha mafuta chenye mdomo unaowaka, mchanganyiko wa dizeli na petroli, unatembea ukidondosha mstari wa moto mdogo ili kiangazi kikute majani ya chini yamekwisha. Dawa ya moto ni moto. Nimeusikia msemo huo tangu utotoni, kila mara ukihusu ugomvi wa watu. Sikuwa nimewahi kuuona ukitembea kwa miguu yake. Wenyeji wa asili wa nchi hii wameutumia moto hivyo kwa makumi ya maelfu ya miaka, moto wa baridi, wa polepole, unaowapa wadudu muda wa kupanda mtini. Yule dada mchungaji ni wa kwao. Alinionyesha mchwa wakipanda gome, akangoja wapite, ndipo akaendelea.

Swali la jirani tumelijibu, ikiwa unataka kujua. Mume wangu na watoto wanaondoka, siku yoyote mshale ukifika ngazi ya nne, kabla ya saa tatu asubuhi. Begi liko mlangoni. Mimi nakuwa bandani. Mtoto mdogo hakulipenda jibu hilo, na bado halipendi.

Ule moto wa mkulima tuliurudia usiku wa pili yake, mimi na Mzee, gari dogo. Kila kitu kilikuwa cheusi na kimya, hakuna hata harufu mpya. Alikaa kwenye usukani kwa sababu magoti yalikuwa yamemgomea, akaninyooshea tochi kuelekea kwenye kisiki kimoja karibu na uzio, kile nilichokimwagia maji mimi mwenyewe, nikakipiga na kofi kama mtu anayemuaga mgonjwa aliyepona. Nikavua glavu. Juu kilikuwa baridi. Nikazunguka nyuma, upande wa uzio, nikashusha mkono kwenye mzizi uliopita chini ya waya kuelekea kwenye nyasi za jirani.

"Mzee," nikasema kwenye redio, ingawa alikuwa mita ishirini tu. "Lete mpira."